Sentensi Isiyokuwa na Picha: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Zohali

Ijumaa ijayo, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri, Mama Zohali atarudisha funguo za chumba cha sauti namba mbili na kustaafu rasmi, baada ya kulitumikia shirika letu la utangazaji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda huo ameandika na kusimulia vipindi mia sita na kumi na viwili vya makala kuhusu Jua, Mwezi, sayari, nyota na yote yaliyoko huko juu. Kama una televisheni nyumbani, sauti yake unaijua hata kama sura yake huijui.

Kamati ya jarida letu la wafanyakazi imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa mimi, mhariri wake wa picha, ndiye niliyekaa naye karibu kwa muda mrefu kuliko wote waliobaki. Nilikubali palepale, kwa tabasamu, kisha nikarudi kwenye kiti changu na kwa siku tatu sikuandika neno. Sababu ni hii: katika faili lake kuna barua ya onyo kwa kosa ambalo hakulitenda, na hilo mimi ninalijua vizuri kuliko mtu mwingine. Kwa ajili ya barua hiyo, Ijumaa atapewa saa ya ukutani na maua, lakini hatapewa Cheti cha Utumishi Uliotukuka, maana kanuni inasema cheti hicho hapewi mwenye onyo. Jambo hilo nitalieleza kabla kurasa zangu mbili hazijaisha. Mnivumilie nianze na mazuri, angalau moyo utulie.

Mama Zohali hakuajiriwa kusimulia. Aliajiriwa kuwa mpiga chapa. Alizipiga chapa hati za vipindi vya sayansi kwa miaka miwili, akizirudia mara tatu tatu kwa sababu wataalamu walikuwa hawaachi kubadili mawazo. Siku moja msimulizi wa zamani alikuja kazini koo limekauka, hana sauti hata ya kuomba maji. Mafundi walikuwa tayari, chumba kimeshalipiwa. Mpiga chapa akasema hati ile anaijua yote kwa moyo, wampe nafasi. Aliingia, akasoma dakika ishirini na sita bila kujikwaa, akatoka akarudi kwenye mashine yake kumalizia barua za utawala. Wiki iliyofuata walimhamisha meza.

Jina la Mama Zohali alilipata mwaka wake wa tatu. Wakati huo hatukuwa na kompyuta za kuchora sayari. Seremala wa studio alipaka mpira rangi ya njano, akauvika mfuniko wa ndoo uliotobolewa katikati, akauning'iniza kwa uzi, na hiyo ndiyo ikawa sayari ya Zohali na pete zake. Kamera ikiwa inazunguka, mtu akawasha feni. Zohali ikaanza kujizungusha kama imerukwa na akili, mfuniko ukalala upande, seremala akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Yeye hakusita hata kidogo. Aliendelea kusimulia, kwa sauti ileile ya utulivu, kwamba Zohali hujizungusha upesi sana, kiasi kwamba siku yake nzima haifiki saa kumi na moja za kwetu. Kipindi kikarushwa vilevile, na watu wakaandika kutupongeza kwa ufundi.

Alikuwa na ulimi wa utani ambao utawala haukuupenda sana. Alipotaka kueleza kwa nini nyota tunayoiona leo ni ya zamani, kwamba mwanga wake umesafiri miaka mingi kabla ya kutufikia, alisema nyota ni kama barua ya utumishi: ukija kuipokea, aliyeiandika ameshahamishwa. Mkurugenzi wa wakati huo aliagiza mfano huo uondolewe. Agizo lake la maandishi lilitufikia baada ya kipindi kurushwa.

Namna yake ya kufanya kazi kila mtu hapa anaijua. Hakuna hati iliyoingia studio kabla haijasomwa getini. Alikuwa akishuka na karatasi zake, anakaa kwenye benchi la walinzi, anamsomea mlinzi wa zamu, kisha anazifunika na kumwambia, "Haya, na wewe nisimulie." Mlinzi akikwama, hati inarudi juu kuandikwa upya. Akikosea, kosa ni la mwandishi, kamwe si la mlinzi. Mlinzi mmoja, ambaye naye sasa amestaafu, alikuwa akijitambulisha kwa wageni kuwa yeye ndiye mhakiki mkuu wa mambo ya anga, na hatukuwa na ubavu wa kumkatalia.

Pia alikuwa na kanuni moja isiyovunjwa, ameibandika ukutani kwa gundi ambayo haitatoka hata jengo likiuzwa: umbali kwanza, hofu baadaye. Maana yake, kabla hujamwambia mtazamaji kuhusu kimondo, shimo jeusi au nyota inayolipuka, mwambie kwanza kiko mbali kiasi gani na kitachukua muda gani. Mtu yuko sebuleni na wanawe, alikuwa akisema, usimtishe halafu ndipo umtulize, maana katikati hapo anaweza kuzima televisheni na kubaki na kitisho.

Nimeyamaliza mazuri mapema kuliko nilivyotaka. Yapo mengine, lakini najijua, nitayatumia kujificha. Acha niseme.

Miaka kumi na minne iliyopita tuliandaa kipindi kuhusu maisha ya Jua. Mimi nilikuwa na miezi kumi tu kazini, bado kwenye kipindi cha majaribio, mke wangu akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Kipindi kilikuwa cha kurushwa saa moja jioni. Saa saba mchana Mama Zohali alikitazama chote, akaridhika, akatia saini fomu ya idhini, akaondoka kumpeleka mama yake mzazi hospitali. Saa kumi na moja na nusu msimamizi wa zamu akanipigia kwamba kipindi kimezidi sekunde tisa, nizitoe mara moja. Utaratibu ulinitaka nimtafute aliyeidhinisha. Nilipiga simu ya wodini mara moja, ikaita, haikupokelewa. Sikupiga tena.

Nilizitafuta sekunde tisa mwenyewe. Katika kipindi kizima kulikuwa na sentensi moja isiyokuwa na picha. Skrini ilikuwa nyeusi tupu, sauti yake peke yake ikisema: "Lakini mwisho wa Jua uko mbali mno. Ni miaka bilioni tano kutoka leo. Wewe na mimi na wajukuu wa wajukuu zetu hatutakuwapo." Yeye ndiye aliyetaka weusi ule, ili watu wasitazame kitu chochote bali waisikie ile hesabu. Mimi niliona tundu. Mhariri yeyote wa picha atakuambia, weusi wa sekunde tisa unatuwasha kama upele. Nikaukata. Ulikuwa wa sekunde tisa kamili, nikaona Mungu amenisaidia.

Kabla ya sentensi ile, kipindi kilikuwa kimeeleza kwamba mwaka huo madoa ya Jua yameongezeka. Baada yake kilieleza Jua litakavyovimba, litakavyozimeza Zebaki na Zuhura, na bahari zetu zitakavyochemka mpaka zikauke. Mimi nilikuwa nimeyaunganisha mambo hayo mawili, bega kwa bega. Saa moja na nusu jioni nchi nzima ikaelewa kwamba ni mwaka huohuo.

Simu hazikukatika kwa siku mbili. Mwalimu mkuu mmoja alisema wazazi wamejaa uwanjani wanachukua watoto wao. Baba mmoja aliuliza kama kuna haja ya kuendelea kuchimba kisima. Binti mmoja, akilia, aliomba tumwambie ukweli kama harusi yake ya mwezi wa kumi na mbili iwahishwe. Leo tunayacheka hayo. Siku ile hakuna aliyecheka. Mama Zohali aliletwa na gari asubuhi, akavuta kiti kando ya mpokea simu, akajibu yeye mwenyewe, kwa sauti ileile waliyoizoea. "Chimba kisima, kaka yangu. Chimba mpaka upate maji." "Olewa, mwanangu. Jua bado lina muda mrefu sana." Alijibu simu mia mbili na kumi na nne. Aliziorodhesha.

Kisha kamati ya uchunguzi ikakaa. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido, nimevaa shati langu la usaili, nikingoja kuitwa. Nilikuwa nimeamua kusema kweli; nilikuwa nimeamua pia kukana; ilitegemea dakika. Mlango ukafunguliwa, akatoka yeye, akanigusa bega na kuniambia, "Nenda kapige kazi, mdogo wangu. Wameshamaliza." Alikuwa amewaambia kwamba fomu ina saini yake na jukumu ni lake. Mtu aliyeshika kanuni ya umbali kwanza maisha yake yote angewezaje kuikata sentensi kama ile? Hakuna aliyeuliza. Nami sikufungua mdomo.

Alipewa onyo la maandishi kwa uzembe. Ukuu wa idara, ambao kila mtu alijua ni wake, akapewa mwingine. Tena kamati ikaamuru kwamba kwa miaka miwili sauti yake isikike hewani bila jina lake kutajwa mwishoni mwa kipindi. Na kazi ya kuliondoa jina hilo ilikuwa ya mhariri wa picha. Kila wiki, kwa miaka miwili, mimi ndiye niliyekaa mbele ya skrini na kuhakikisha jina lake halionekani. Yeye alikuwa anasimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai, akisubiri nimalize ili anikabidhi hati ya wiki inayofuata.

Jumatatu wiki hii nilimfuata chumba cha sauti. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwenye maboksi. Nilifunga mlango nikamweleza yote: simu ya msimamizi, sekunde tisa, ule weusi, benchi la korido. Niliongea bila kumeza mate. Aliendelea kupanga vitabu mpaka nikamaliza.

"Nilijua jioni ileile," akasema. "Hati niliiandika mimi, unadhani sitaona kilichopungua? Ulikuwa umebakiza miezi miwili uthibitishwe. Wewe wangekufukuza, mimi walikuwa wananihitaji, wangeishia kunikaripia tu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua.

"Nilidhani utakuja kuniambia wewe. Wiki ileile. Ilipopita nikasema labda mwezi ujao, mtoto akishazaliwa. Baadaye nikaacha kungoja."

Nilimuuliza kama ninaweza kuyaandika haya jaridani. Akasema hilo si la kumuuliza yeye. Kisha akaniambia, kama anavyowaambia waandishi wote wachanga, "Umeeleza vizuri," akageukia maboksi yake.

Niliposhuka ngazi nilikwenda moja kwa moja ofisi ya utumishi nikaandika maelezo yangu na kutia saini. Ofisa utumishi aliyasoma mara mbili, akanitazama, akaniuliza kama naelewa kwamba sasa faili litakalofunguliwa ni langu. Nilimwambia naelewa. Nimebakiza miaka sita nistaafu, nina watoto watatu shuleni, na sijui Jumatatu ijayo nitakuwa nimekaa wapi. Hata barua ile kama itaondolewa kabla ya Ijumaa, sijui. Wamesema suala linashughulikiwa, na sote tunajua maana ya neno hilo. Ninachoweza kufanya kabla ya jarida kwenda mtamboni ni hiki: kuwajulisheni wafanyakazi wote, wa juu na wa chini, kwamba sentensi ile niliikata mimi. Atakayesimama Ijumaa kupokea maua hajawahi kumtisha mtazamaji wake hata mara moja.

Kuna jambo limenisumbua tangu Jumatatu. Niliongea naye karibu nusu saa, nikaeleza kila sekunde, nikajieleza mimi na mke wangu na woga wangu, nikaondoka. Nilikuwa nimeshafika ngazi ya mwisho nilipogundua kwamba katika maneno yote yale kuna moja sikulisema. Nilisimama pale, nikashindwa kupanda tena.

Dada, sisi sote wa idara ya makala tunakushukuru kwa kutufundisha kazi, na kwa kuwafundisha wananchi kutazama juu bila kuogopa. Tunakuombea afya, mapumziko ya kweli, na asubuhi nyingi zisizo na hati ya kusahihisha. Hayo ni ya wote. Langu mimi peke yangu ni hili, nalisema mbele ya kila mtu kwa kuwa tulipokuwa wawili tu nililikosa: nisamehe.