Kaseti Iliyosimama Katikati

Desemba 1994, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari, ndani ya basi dogo la Kagarama, dada mmoja aliyerudi juzi kutoka Kampala alimsimulia fundi cherehani Maneno tamthilia aliyoiona kwenye video: shujaa anavuka mlango wa mawe, anarudi mwaka mmoja nyuma kuwaonya watu wake.

"Hawamsikii," alisema. Mimi jirani yao wa kiti sikushangaa.

"Uliiona wapi?" Maneno aliuliza.

"Ile nyumba tulikuta tupu tukahamia, iko na geti ya kijani, nyuma ya shule. Kaseti ilikuwa ndani ya mashine, imesimama katikati."

Maneno alimgeukia. "Ni kwa dada yangu. Alikuwa amefika wapi kuitazama?"

"Pole, mzee. Niliirudisha mwanzo."

Basi likasimama Kagarama. Wote wawili walikuwa wa kushuka, wakabaki wamekaa.