Karamu ya Gari la Zimamoto

Mbele yangu kwenye basi aliketi Orrin, askari wa zimamoto mstaafu wa mji jirani, kando ya Bi Bernadine, Muojibwe mwenzangu, wa kabila letu la wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Orrin alikuwa amenuna.

"Bibi, kasino ya kabila lenu imetununulia gari la zimamoto. Tukawapikia karamu ya kuwashukuru. Mkaja, mkala, halafu mkatugawia mablanketi ukumbi mzima. Sasa asante yetu imekwenda wapi?"

"Kwetu sisi anayepewa heshima ndiye anayetoa zawadi," alijibu Bernadine. "Mlitupigia makofi, mlitaka tufanyeje?"

"Basi Jumamosi tunawapikia tena."

"Tutaleta mablanketi mengine."

"Hamchoki nyie?"

"Acheni kutushukuru."

Orrin akacheka mpaka akakohoa. "Nyie watu wabishi. Ila hizo glavu zako za shanga zimekupendeza, bibi."

Nikafumba macho. Miaka sitini ni jirani yetu, na bado hajui kwamba ukisifu kitu cha mtu wetu, unapewa.

Basi liliposimama alishuka na glavu za kike zilizomkwama katikati ya vidole, akipaza sauti kwamba kesho atamletea Bernadine keki ya kumshukuru. Bernadine alikuwa ameshaanza kuvua skafu.