Mama Viraka na Ufa wa Kwenye Kiini

Mwishoni mwa Juni, Mama Viraka anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha kompyuta cha chuo chetu. Barua rasmi inasema anaondoka kwa hiari yake. Tuanzie hapo hapo, kwa sababu si kweli.

Alianza kazi chuo kikiwa na kompyuta nne na feni moja. Akapanda hadi kuwa msimamizi wa seva kuu, ile inayobeba akaunti za wanafunzi na walimu wote, pamoja na matokeo ya mitihani. Chumba cha seva kina baridi kali, hivyo alivaa sweta mwaka mzima, hata kwenye jua la kupasua kichwa, na wanafunzi wapya walikuwa wakimpa pole ya homa. Jina la utani alilipata kwa kupenda kuziba: kiraka cha programu, yaani marekebisho ya kuziba kasoro yake, kikitoka asubuhi, mchana ameshakiweka.

Isipokuwa kimoja. Januari iligundulika kasoro kwenye kiini cha mfumo endeshi, programu mama inayoiendesha seva nzima: mtu mwenye akaunti ya kawaida kabisa angeweza kujipandisha cheo akawa mkuu wa mfumo, mwenye ruhusa ya kila kitu. Kiraka kilikuwepo, ila seva ilibidi izimwe na kuwashwa upya. Aliomba ruhusa ya kuizima, akaomba tena. Mkuu wa kitengo akacheka: "Mama, si mpaka mtu awe tayari ndani? Na ndani ni sisi wenyewe."

"Ndio hao hao ninaowaogopa, mwanangu."

Machi, alama za mtihani zikabadilishwa. Kumbukumbu za mashine zilionyesha kuwa aliyezibadilisha ni mkuu wa mfumo, na nywila ya mkuu wa mfumo alikuwa nayo Mama Viraka peke yake. Kamati ya uchunguzi ikamwita. Akaomba akaunti ya katibu muhtasi, isiyoweza hata kufungua faili la mwenzake, akapitia kasoro ile ile na kuigeuza kuwa ya mkuu wa mfumo mbele ya macho yao, chai yao ikiwa bado ya moto. Alidhani amejisafisha.

Mwenyekiti akaegemea kiti. "Kumbe njia yenyewe unaijua vizuri!"

Hakushtakiwa, wala hakusafishwa. Alishauriwa apumzike. Wiki iliyofuata kiraka kikawekwa. Seva ikazimika, ikawaka, na hakuna aliyelalamika. Wengi hawakujua hata kama ilizimwa.

Siku ya makabidhiano aliniambia mimi, ninayerithi kazi yake, nibadilishe nywila, akageukia ukuta mpaka nilipomaliza. "Umehakikisha?" akauliza, bado amenipa mgongo. Nikamwambia ndiyo. Ndipo akageuka, akavua sweta, akalitundika kwenye kiti changu.

Asante, Mama, kwa kila ulichoziba na kwa kile ulichokatazwa kuziba. Hukubadilisha alama ya mtu yeyote. Ninaliandika hilo humu, kwenye jarida la chuo ambalo wajumbe wote wa kamati hupelekewa mezani. Nenda ukaote jua sasa. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na utulivu.