Mzee Spana na Valvu ya Joshoni

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Spana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, katika shamba lililokuwa katikati ya miji miwili. Siku hizo ukitoka mji mmoja kwenda wa pili ulifunga chakula cha njiani. Leo hakuna awezaye kuonyesha mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, na wageni wakituuliza tunakaa mji gani, tunaangaliana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Hesabu aliziweza, kunyamaza kulimshinda. Mimi dada yake mdogo ndiye niliyembebea daftari, na shukrani yangu ilikuwa kuambiwa nina miguu ya korongo.

Mwaka 1971 aliajiriwa idara ya maji kuchimba mitaro, akapanda hadi fundi mkuu wa mabomba, akastaafu 2011. Yeye na wenzake ndio waliolaza bomba la kuunganisha ile miji miwili. Watu waliwacheka kwamba wanawapelekea maji panya wa mashambani. Haikupita miaka mingi, nyumba zikalifuata bomba kama kuku wanavyofuata punje: kibanda, kisha duka, kisha ghorofa, mpaka mashamba yakaisha. Tatizo ni kwamba kaka aliandika mahali pa valvu zake, vile vifungio vya maji vilivyofukiwa ardhini, kwa alama za shambani. Daftari lake lilisema, "Hatua arobaini kutoka kwa mama mwenye mbuzi mkali." Mama alishahama, mbuzi alishaliwa, na pale pamesimama benki. Ndiyo maana hata baada ya kustaafu, ofisi iliendelea kumpigia simu yeye.

Tarehe 2 Desemba 1978 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji wa nguo, wakajenga pale kilimani. Maji yalitoka vizuri hadi 2009. Watu walipojaa bondeni, presha ikaisha, bomba la uani likabaki kukohoa hewa. Mganga hajigangi. Miaka kumi na mitano wifi alibeba madumu, na hakuacha kumkumbusha: "Nimeolewa na fundi bomba, ila mgongo wangu haujaambiwa." Kaka alimjibu, "Sifi kabla maji hayajatoka hapo." Wifi akasema, "Basi usiwe na haraka ya kuyaleta."

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwamuru alale. Alilala, lakini kichwa kikawa kinatembea. Asubuhi moja ya Julai alimwita binti yake mkubwa, mwalimu, akamwambia amekumbuka: mwaka 1986 walifunga valvu moja karibu na josho la kuogeshea ng'ombe, na haikufunguliwa tena. Hiyo ingepandisha maji kilimani. Sasa josho liko wapi? Jumamosi tatu walizunguka kwa gari, mgonjwa na mto wake kiti cha mbele. Vijana waliwajibu, "Josho ndiyo nini, mzee?" Jumamosi ya tatu waliingia kwa kinyozi kuomba maji ya kumezea dawa. Kaka akaangalia chini.

"Mbona sakafu yako imeinama?"

Kinyozi akasema ndivyo alivyoikuta, na viti vyake huteleza vyenyewe. Kaka alicheka mpaka binti akaogopa. Alikuwa amesimama ndani ya josho, pale ng'ombe walipokuwa wakiteremkia majini.

Mafundi wa ofisi waliichimbua valvu nyuma ya duka la kinyozi, wakaifungua Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024. Bomba la uani lilikohoa, likatema kutu, kisha maji yakaja meupe. Kaka, ambaye maisha yake yote alitugombeza kwa tone moja, aliyasikia kutoka kitandani, akamwambia mkewe, "Usifunge kwanza. Acha niyasikie." Nilikuwepo. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile, na nililia bila aibu.

Alifariki nyumbani usingizini, Jumamosi tarehe 17 Agosti, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na mimi mwenye miguu yangu.

Jana majirani, kwa mazoea, walileta madumu ya maji ya kumwoshea. Wifi aliwashukuru, akachukua ndoo, akaenda uani kuyakinga mwenyewe kwenye bomba lake.

Pumzika kwa amani, kaka.