Salama ya Kwanza: Maisha ya Athanas Nyamhanga Waitara, 1968–2025

Wana ukoo, waumini wenzetu, majirani wa Mbalibali, nanyi mliotoka Nyamongo, Mugumu na ng'ambo ya mpaka: huyu tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, alizaliwa hatua mia mbili tu kutoka hapa mliposimama. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Waitara Nyamhanga na Mama Sabina. Mama alizoea kusimulia kwamba mvua iliyonyesha mchana ule ilikuwa nyembamba, yenye jua ndani yake, na mtoto hakulia mpaka ilipokatika.

Alipokuwa na umri wa miaka sita, alichukua tochi ambayo baba yetu alilindia ng'ombe, akaingia nayo ndani ya ghala la mtama, akamwita dada yake Gladys, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. "Dada, njoo uone! Nina moto mkononi na hauniunguzi." Alikuwa ameifumbata tochi, na vidole vyake vilikuwa vyekundu kama makaa, mwanga ukipita katikati ya nyama na damu. Wakakaa humo wakitazama mpaka betri zikaisha. Jioni baba aliuliza ni nani aliyezimaliza. Walionyamaza walikuwa wawili, mbali na ng'ombe.

Alisoma shule ya msingi hapa Mbalibali kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha akajifunza ufundi umeme mjini Musoma, akapata cheti chake Novemba 1985. Madaftari yake yalijaa michoro kuliko maneno. Mwalimu mmoja aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Yupo darasani, lakini hayupo." Marehemu aliuhifadhi ukurasa huo maisha yake yote, na hakuwahi kuukanusha.

Mwaka 1987 alipokelewa Mugumu na Fundi Hamidu, mtengenezaji wa redio, ambaye yupo nasi hapa. Kwake alijifunza kutega sikio. "Redio inayokoroma ina matumaini," Fundi Hamidu alimwambia. "Iogope iliyonyamaza." Ni katika duka hilo alipofika binti mmoja wa Sirari, Felistas, mwana wa Mzee Owuor, akiwa amebeba redio ya baba yake. Mara tatu aliambiwa airudishe kwa marekebisho. Felistas, ambaye leo ni Mama Gidion, husema mpaka sasa, "Redio haikuwa na ubovu. Mwenye ubovu alikuwa fundi." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Juni 1995, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gidion na Sophia.

Mwaka 2001 walihamia Nyakunguru, naye akawa fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Wakati huo ubora wa mafuta ya giaboksi ulipimwa kwa kuyafikicha kati ya vidole na kuyanusa. Mashine zilikufa zikiwa kimya. Jumapili moja baada ya ibada, marehemu alisinzia kwenye kiti, akaota yumo ndani ya giaboksi. Mafuta yalikuwa ziwa tulivu la rangi ya asali, na mbali kulikuwa kunapambazuka. Lakini kila chembe ya chuma iliyoanguka ziwani iliyarudisha mapambazuko nyuma kidogo. Alipoamka alichukua kimirija cha kioo, taa ndogo ya tochi, na kile kijicho kinachowasha taa za nje giza linapoingia. Taa upande huu, kijicho upande ule, mafuta katikati. Mafuta yakiwa safi, mwanga unapita. Yakiingiwa na maji au vumbi la chuma, mwanga unakwama, na taa nyekundu inawaka kabla mashine haijaumia.

Alikiita kifaa hicho Umeamkaje, kwa sababu kila asubuhi mwendeshaji alitakiwa kuisalimu mashine kabla ya kuiwasha. Kijani maana yake salama. Kufikia mwaka 2014 makarasha kumi na tisa yalikuwa yakisalimiwa, na watu wa bodaboda walipokuwa wakipita walipaza sauti: "Athanas, na pikipiki yangu nayo imeamkaje?"

Lakini moyo wake ulikuwa bado umo ndani ya lile ghala la mtama. Mwanga unaopita kwenye mafuta, alisema, ulikwisha kupita kwenye kidole zamani. Mwaka 2017 alitengeneza kibanio cha kidole chenye taa mbili, moja nyekundu na moja isiyoonekana kwa macho, kinachosoma mapigo ya moyo na hewa iliyomo damuni. Alikilinganisha kwa miezi saba na kipimo cha zahanati, akiandika kila jibu, kabla hajakiweka mezani pale kwenye makarasha, ambako watu wanavuta vumbi la mawe kutwa nzima.

Mzee Simioni, mwendeshaji wa karasha, alikuwa wa kwanza kulalamika. "Shikamoo mzee," marehemu alimwamkia. "Marahaba. Hiki kidude chako hakina adabu. Mtu hajakaa vizuri, kinamwambia anaumwa! Hata mchawi husalimia kwanza." Watu wakacheka, na marehemu akacheka kuliko wote. Hata hivyo alilichukua neno lile akaenda nalo nyumbani. Sisi sote tunajua ukweli wake. Mgonjwa wetu akiulizwa ameamkaje, hujibu "Salama" kwanza, ndipo husema, "ila kifua kinabana." Kwa hiyo alikipanga kifaa kiwashe kijani kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, ndipo kitoe jibu la kweli.

Hapo ndipo alipokosea, na aliagiza kosa hili lisomwe. Watu waliona kijani wakachomoa vidole. Mzee Simioni alipita kila asubuhi, akasema, "Salama tayari!" akaenda kazini. Tarehe 9 Septemba 2020 alianguka kando ya karasha. Hospitalini, alipoweza kusema, alimwambia marehemu neno moja tu: "Kila siku kiliniambia salama." Marehemu hakujitetea. Alizunguka kwa siku mbili akaiondoa ile kijani ya adabu katika vifaa vyote kumi na kimoja vya kwenye makarasha, na akamwomba radhi kila aliyewahi kuweka kidole. Mzee Simioni alipona kiasi cha kurudi shambani kwake, na leo amefika hapa mapema kuliko sisi wenye msiba.

Cha kumi na mbili, chake mwenyewe, hakukigusa. Kilikuwa mfukoni mwa shati lake.

Mwezi Mei 2023 Mama Gidion alimwona akiweka kidole, kijani ikawaka, akachomoa. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu alimshika mkono. "Baba Gidion, usitoe."
"Hiki ni cha nyumbani, mama. Kinaruhusiwa kuwa na adabu."
"Ngoja kimalize kuongea."
Wakahesabu pamoja, moja, mbili, tatu. Ikawaka nyekundu. Mama alilia. Yeye alisema kwa upole kwamba alijua. Ila alitaka kila siku ianze na zile hesabu tatu, ambazo ndani yake alikuwa mzima.

Madaktari walikuta vumbi la mawe limetua mapafuni kwa miaka mingi. Mama Gidion alitaka kitu kimoja: asifichwe tena. Naye marehemu akatii; kwa miezi ishirini na miwili walikaa barazani kila asubuhi, kidole kikiwa kwenye kibanio, wakingoja hadi mwisho, na Mama akiandika jibu daftarini. Wakati huo aliwafundisha Gidion na Sophia kutengeneza vifaa vyote viwili, na makarasha mengine sita yakapata vibanio vya vidole visivyo na adabu.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka hamsini na saba, dada yake aliingia chumbani. "Shikamoo dada," alisema kwa sauti ndogo. "Marahaba, mdogo wangu. Umeamkaje?"
"Salama."
Dada hakuondoka. Alikwisha kufundishwa na Mama Gidion. Akahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu.
"Ila nimechoka," marehemu akasema. Dada akamwita Mama Gidion, naye akamshika mkono. Jua lilikuwa limepita dirishani likaviangukia vidole vyao, vikawa vyekundu kidogo kandokando. Saa nne na dakika kumi alikuwa amekwenda.

Ameacha mjane, Felistas; watoto wawili, Gidion na Sophia; wajukuu watatu; dada yake Gladys na kaka yake Revocatus; Fundi Hamidu, ambaye ukoo unamhesabu kuwa wake; na mashine nyingi zinazosalimiwa kila asubuhi.

Athanas, pumzika. Kwa sasa hatukuulizi kitu. Siku ile itakapofika, na Bwana akuulize umeamkaje, utajibu salama, na sisi hatutahesabu hadi tatu.