Njia Tulizozitega Mabomu

Ndugu zangu wa Lindi, amani iwe kwenu nyote. Mmezoea kuniita Mheshimiwa Rais, kwa kuwa naongoza chama chetu cha taifa cha watu tuliokatwa viungo. Leo naomba mnisikilize kwanza, makofi yangoje.

Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma. Vita ilipopamba moto nikawa askari, na kazi yangu ilikuwa kutega mabomu ardhini. Tuliyafukia kwenye njia za mashamba na za mtoni, ili adui asipite. Lakini nawaambia ukweli, waliopita pale zaidi ni kina mama na ndoo zao. Niliwaona kwa macho yangu, na bado nikafukia.

Siku niliyotoroka jeshini nilikanyaga bomu. Labda alilitega mwenzangu, labda mimi. Kina mama wawili waliokuwa wakienda shamba walinisikia nikilia. Wakanifunga mguu kwa kanga, wakanibeba kwa machela ya miti hadi kwenye mtumbwi wa kuvukia. Mmoja akasema, "Pole mwanangu. Waliofanya haya Mungu anawaona."



Huku Tanzania mguu ulikatwa. Mama mmoja wa Mingoyo, mshonaji nguo, akanipa chumba na cherehani ya mkono. Nikaoa, nikapata uraia, nikaingia chamani. Kila niliposimama kuongea mlinihurumia, nami huruma ile nikaipokea tu. Mkanipa tawi, mkanipa mkoa, mwisho mkanipa taifa.

Nilipotangazwa mshindi, dada mmoja mwenye magongo akanishika mkono. "Rais, mimi nilikanyaga bomu kule kule kwenu. Leo tumepata mtu anayeyajua machungu yetu."

Akakitaja kijiji. Hakikuwa mbali na njia zetu. Ndugu zangu, nilishindwa. Nikamweleza yote palepale, watu wakiimba nje.

Kisha akauliza, "Unaniambia ili wewe upate usingizi, au ili mimi nifanye nini?"

"Sijui, dada."

"Hizo njia unazikumbuka?"

"Nazikumbuka."

"Basi msamaha usiniombe. Nenda kazionyeshe."

Nikavuka na wataalamu wa kutegua mabomu. Niliyowaonyesha, mengi waliyatoa. Lakini kwenye njia ya kijitoni tulikuta shimo la zamani, limeota majani. Nikamuuliza mwenyeji wetu nani alipita pale. Akanitazama, akasema, "Twende mbele, mzee."

Namshukuru mama wa Mingoyo, Mungu amrehemu. Nawashukuru wale kina mama wawili, niliwatafuta, sikuwapata. Namshukuru dada yule. Hajawahi kuniambia kama amenisamehe, ila hunipigia simu kuuliza kazi imefika wapi.

Ukijua jambo linaloweza kumdhuru mwenzako, liseme. Usingoje mpaka moyo uwe mwepesi. Mimi niliungoja wangu mpaka nikawa rais, na muda wote huo, ndugu zangu, watu walikuwa wakipita kwenye zile njia.