Namba Fupi Isiyo na Jina

Benchi la Aruna ni mbao mbili juu ya matofali, kwenye kona ya mtaa wetu hapa Manika, Kolwezi, mahali ambapo malori ya madini hupunguza mwendo na kuacha vumbi lao juu ya vikombe. Aruna huuza kahawa ya tangawizi, na wanywaji ni wale wale: Djafari mwenye lori, aitwaye Douze Roues, yaani magurudumu kumi na mawili; Séraphin, aitwaye Antenne kwa sababu zamani aliuza kadi za simu; na baba yangu mdogo Kabongo, mstaafu wa kiwanda cha madini cha Kingamyambo, aitwaye Directeur ingawa hakuwahi kuwa na ofisi. Jumamosi hiyo Kabongo alikuja na simu ya zamani ya vibonyezo, ya mke wake Angèle. Anasema aliinunua 2005. Lakini binti yao Blandine, aliyezaliwa 2006, alikuwa tayari anatembea, kwa hiyo ni 2007. Angèle ameitunza kabatini, imefungwa kwa kitambaa, na hataki iuzwe. Jana, Angèle akiwa kwenye kwaya, Kabongo aliichaji na kuifungua.

— Mesaje moja tu, akasema Kabongo. Zingine zote alifuta. Hii alichunga. Namba ni fupi, jina hakuna. Leo mi sirudie ku nyumba pashipo kujua huyu muntu ni nani.

— Soma, Directeur, akasema Djafari.

— «Kode yako ni 1234. Fungua, kisha chunga.» Afungue nini, Douze Roues? Achunge nini?

Djafari akashusha kikombe chake.

— Ile kode ni ya chambre. Hoteli. Mi nafikaka na lori mpaka Tenke, bitu kama ibi nabijua.

— Tenke kuko hoteli ya machambre elfu moja? akauliza Aruna.

— Basi ni Lubumbashi! Na namba fupi ni ya bakubwa. Shiye batu ba bule tuko na namba murefu. Mwenye namba fupi hivi, ni ministre.

Kabongo akajifuta jasho.

— Ministre. Njo maana alikuwa anavaa kitenge, wax ya mupya, katikati ya juma.

Antenne alikuwa ananywa, amenuna kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Djafari akawahi tena, na sasa uso wake ulibadilika.

— Ngojeni. Muke wangu Malaika naye aliipataka hii. Siku zile zile. 1234.

— Kode moja?

— Kode moja, muntu mumoja!

— Muntu mumoja, na bamama ba quartier yetu muzima! akasema Kabongo. Anakaa wapi?

— Kule juu ya pilone, munara wa simu, ku kilima. Anaona nyumba zote mu maparcelle. Bwana akienda ku kazi, anatuma.

Aruna alikuwa ameshika birika hewani.

— Mariamu, muke wangu, hakupataka.

Wote wawili wakamtazama kwa huruma.

— Iko na kosa gani Mariamu? Malaika anamupita nini? akauliza Aruna.

— Labda alifuta, Aruna.

— Angenionyesha!

Akamjazia Djafari nusu kikombe tu, kwa hasira. Hapo Antenne akashindwa kujizuia.

— Muntu hakuna! Ile ni rezo, mutandao wa simu. Telefone ya zamani haikujua njia ya internet yenyewe. Unaomba, rezo inakutumia réglages, mipango ya kuingia, na kode. Unaandika ile kode, unachunga réglages ndani, njo telefone inajua pa kupita. Kisha inakuletea maneno matupu, mustari kwa mustari. Picha moja, unité zote za kadi zinakwisha. Na bamama benye kuipata hapa, mi njo nilibaombeaka.

Alidhani amewatuliza. Kabongo akasimama.

— Angèle alikuja kwako?

— Directeur…

— Mara ngapi?

— Mara moja! Na Blandine anatembea pembeni yake!

Kwa hiyo ni 2007.

— Internet alitaka ya nini?

— Alisema bwana wake anafanya kazi ya usiku Kingamyambo, na yeye anaomba kitu cha kusoma.

Kabongo akakaa. Mama Rahima, shangazi yake Aruna, aliyefika juma hilo kutoka Kasongo, alikuwa ameketi mwisho wa benchi akisubiri kikombe chake. Alinyoosha mkono, akaichukua ile simu, akaitazama.

— Na ya kwako, tata Directeur, iko wapi humu?

— Yangu nini, mama?

— Mesaje. Ya rezo alichunga. Ya kwako iko wapi?

— Mi sikuandikaka. Nilikuwa nabipa: napiga, nakata. Inalia mara moja, nimefika ku kazi. Mara mbili, nakuja, pasha chakula. Alikuwa anajua.

— Sasa bip, anaichunga wapi?

Lori likapita. Djafari, ambaye naye alibipa maisha yake yote, alinyanyua kikombe kilichokwisha. Aruna akainamisha birika juu ya kikombe cha shangazi yake. Likatoa matone machache ya tangawizi.

Kabongo akaifunga simu ya mkewe katika kitambaa chake, kama alivyoikuta. Kisha akatoa yake kubwa ya kioo, akapata jina la Angèle, akafungua mahali pa kuandika ujumbe, na kidole kikabaki hewani.

— Antenne, akasema kwa sauti ya chini. Banaanzaka na nini?